Mbwa gani akufae Unguja au Pemba: koko mkubwa, kitoto, wa ufukweni au wa kizungu?

Mtu wa Unguja au Pemba akisema anataka mbwa, mara nyingi anachotaka ni usingizi. Kaibiwa pampu ya kisima, au mkungu wa ndizi umekatwa usiku, au jirani kavunjiwa dirisha. Wachache wanatafuta wa kutembea naye pwani jioni. Na wapo ambao hawakutafuta kitu: wamemkuta mbwa kajilaza chini ya mwembe wao na hawana moyo wa kumpiga jiwe. Haja hizi hazifanani, na mbwa wetu nao hawafanani, ijapokuwa kwa mbali wote ni rangi ya udongo na mkia uliopinda.

Wanaopatikana ni wa namna nne: koko mkubwa ambaye mwenyewe, yaani mfugaji wake, anahama au aliyeokotwa mtaani, kitoto cha koko, mbwa wa ufukweni, na mbwa wa kizungu, au chotara wake, anayevushwa kwa boti kutoka Dar es Salaam. Msimamo wangu nausema mapema: kwa nyumba nyingi za visiwani namchagua koko mkubwa, jike, aliyefungwa kizazi, wa miaka miwili au mitatu. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Kwenye mbwa ni kinyume chake, asiyechagua ndiye anayeondoka na koroma, tena koroma lenye meno.

Kwanza ua, jirani na msikiti

Miongozo ya kuchagua mbwa inayoandikwa Ulaya huanza na ukubwa wa nyumba na saa za matembezi. Kwetu mambo huanza na twahara. Wengi wetu ni Shafii, na katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mkavu ukigusa mkavu, hakuna cha kuosha. Imamu Malik anamuona mbwa ni tahiri, lakini usimtegemee Malik kumtuliza jirani yako wa Kishafii. Kufuga kwa ajili ya mifugo, kuwinda na shamba kumetajwa kwenye hadithi kuwa hakupunguzi thawabu za mtu, na wanazuoni wengi wameuingiza ulinzi wa nyumba humo humo. Kinachobaki ni mpangilio: mbwa awe na banda lake, sahani yake, ndoo yake ya maji, na njia isiyopita chini ya kamba ya nguo wala karibu na panaposwaliwa.

Mpangilio huo unakuchagulia mbwa kabla hujamuona. Mbwa anayeruka kumlamba kila anayeingia ni mbwa mzuri sana, ila nyumba ya watu wanaotia udhu mara tano kwa siku ataichosha. Mbwa anayekaa mbali kidogo, anayepunga mkia bila kukujia mwilini, ndiye atakayedumu. Ukali na upole havina uhusiano na hili. Kuna mbwa wakali walambaji, na kuna wapole wasiopenda kuguswa.

Jengine ni saa ya Alfajiri. Watu wanatoka majumbani gizani kwenda msikitini, wengine wazee, wengine na fimbo. Mbwa aliyeachiwa usiku katika nyumba isiyo na ukuta atamzuia mzee njiani, na hapo mgogoro umeshafika kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kabla jua halijachomoza. Basi kama ua wako hauna ukuta au uzio wa maana, usichukue mbwa wa kuachiwa. Chukua wa kukaa kwenye waya: unavuta waya baina ya miti miwili, unapitisha pete, unafunga kamba kwenye pete, naye anakwenda na kurudi mita kumi bila kufika njiani. Si kila mbwa atakubali waya. Koko aliyezoea kuzurura miaka mitatu atalia usiku kucha, na aliyelelewa shambani atalala chini ya mti kama hakuna kilichobadilika.

Na wapo wanaolia kila adhana. Spika inafunguka, mbwa anainua shingo, anaitikia kwa mlio mrefu. Mwenye mbwa huona ni kichekesho, jirani huona ni dhihaka. Kabla hujachukua mbwa mkubwa muulize mwenyewe swali hili waziwazi, au bora uwepo pale wakati wa Magharibi ukasikie kwa masikio yako.

Kwa wanaoishi kwenye fleti za Michenzani, au chumba na ukumbi cha kupanga Ng'ambo chenye uwanja wa pamoja na wapangaji wengine wanne, jibu langu ni fupi: usichukue. Hakuna mbwa wa nyumba hiyo, hata mdogo. Kama moyo unataka mnyama, paka wamejaa Mji Mkongwe na hawamkeri mtu.

Koko mkubwa

Huyu ndiye mbwa wa visiwani. Uzito wake kwa kawaida ni baina ya kilo 12 na 18, manyoya mafupi, masikio yaliyosimama au kuvunjika nusu, pua ndefu ya kutosha kuhema vizuri. Hilo la pua si dogo. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi; anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na hewa yetu yenye unyevu wakati wa kaskazi inamfanyia ugumu. Koko amezaliwa humu. Mchana anatafuta kivuli, anachimba kishimo kwenye mchanga wa baridi, analala. Usiku anaamka.

Faida yake kubwa ni kwamba unachokiona ndicho unachokichukua. Tabia imeshakaa. Kitoto ni ahadi. Koko mkubwa unaweza kumpima jioni moja tu, na kipimo chenyewe hakina gharama.

Nenda saa ya chakula, magharibi inapokaribia. Muombe mwenyewe amuwekee sahani kama kila siku, tuseme sima na vichwa vya samaki vilivyochemshwa. Simama mbali kidogo, kisha pita taratibu ubavuni kwake, usimkabili uso kwa uso. Mbwa wa kufaa nyumba yenye watu atakuinulia jicho, ataendelea kutafuna, pengine mkia utashuka kidogo. Wa hatari ataganda. Ataacha kutafuna, shingo itakaza, mdomo utabaki juu ya sahani bila kula, na weupe wa jicho utaonekana pembeni. Hajabweka wala hajanguruma, lakini ameshakwambia. Mwenye watoto amuache huyo alipo, hata akipewa na banda lake juu.

Kisha dondosha kifuniko cha sufuria sakafuni nyuma yake. Kushtuka si kosa, kila kiumbe hushtuka. Angalia kinachofuata. Akigeuka, akakinusa kifuniko na kurudi kwenye shughuli zake, akili imetulia. Akikimbilia uvunguni na asitoke tena, huyo ni mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watu kuliko mbwa jasiri. Mwisho subiri watoto watoke chuoni, yaani madrasa, wapite njiani mbio mbio na kelele zao. Mbwa wetu wengi wamepigwa mawe na watoto tangu wakiwa wadogo, na wapo wasiosahau. Usimpeleke mtoto wako karibu kumjaribu. Watoto wa njia wanatosha kukuonesha kama anawafuata kwa macho tu au kwa miguu.

Afya nayo isome hapo hapo. Inua mdomo wa juu kama anakubali. Fizi ziwe na rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe ana minyoo mingi au homa ya kupe, na matibabu yake yatakugharimu. Funua masikio kwa ndani na utizame baina ya vidole vya miguu, ndiko kupe wanakojificha. Ukurutu wa ngozi usikutishe sana, unatibika, ila usimkandike mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia, kwani kipimo cha mbwa ni chengine. Umri ukafanyiwa uongo, meno yatasema: kitoto hubadilisha meno kuanzia miezi minne, akifika miezi saba hivi yote ni ya ukubwani. Meno meupe yenye ncha kali ni ya mbwa kijana. Ya manjano, yaliyolika mbele, ni ya mtu mzima wa miaka kadhaa. Mzee si mbaya kwa nyumba tulivu, mradi ujue unachukua mzee.

Kasoro ya koko mkubwa ni historia yake. Aliyekuwa anakula kuku wa watu ataendelea kula kuku wa watu. Aliyezoea kuzurura ataruka ukuta mfupi. Haya muulize mwenyewe, kisha muulize na jirani wa mwenyewe, maana jirani hana sababu ya kukuuzia sifa.

Kitoto

Kila mtu anataka kitoto. Watoto wa nyumbani wanalia wakitaka kitoto. Kinaletwa kwenye boksi la sabuni, kina tumbo la minyoo, kinanuka maziwa, na kila aliyemo ndani ameshashindwa.

Weka kitoto na koko mkubwa bega kwa bega kwa kazi ya ulinzi: mkubwa anaanza kubweka kwa maana ndani ya wiki mbili au tatu, akishajua mipaka ya ua. Kitoto utamlisha miezi kadhaa kabla hajajua mgeni ni nani, na karibu mwaka mzima kabla mwizi hajamuogopa. Kwa twahara ndiyo mtihani mkubwa, kwa sababu kitoto hulamba, hutafuna viatu vilivyopangwa barazani, hukojoa alipo, na huingia ndani kila mlango ukiachwa wazi. Kwa tabia, mkubwa unampima, kitoto unabahatisha, ingawa bahati yenyewe kwa sehemu iko mikononi mwako.

Sehemu hiyo ndiyo inayomfanya kitoto kuwa chaguo sahihi kwa baadhi ya watu. Baina ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ya maisha yake, mbwa hujifunza nini ni cha kawaida duniani. Akikua humo akiona mbuzi, kuku, pikipiki, kanzu, mabuibui na watoto, hivyo vyote havitamshughulisha ukubwani. Mfugaji wa mbuzi anayetaka mbwa wa kulala na mbuzi hana njia nyengine ya kweli zaidi ya kitoto. Vilevile nyumba ambayo mtu mzima mwenye subira yupo kutwa. Subira iwe ya mtu mzima; mtoto wa darasa la tatu akiachiwa malezi ya mbwa, mbwa atajilea.

Usikubali kitoto cha chini ya wiki nane, hata mwenyewe akisema kinakula sima vizuri. Anachojifunza kwa mama na ndugu zake wiki hizo, hasa kutouma kwa nguvu, wewe huwezi kukifundisha. Na hesabu gharama za dawa: minyoo mara kadhaa, chanjo ya paavo inayorudiwa kila wiki chache mpaka miezi minne, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Paavo huua vitoto kwa kuharisha damu, na kirusi chake hukaa kwenye udongo wa ua miezi mingi. Ukifiwa na kitoto kwa paavo, usilete chengine hapo hapo mwezi ujao. Hapo mlete mkubwa aliyekwisha chanjwa.

Wa ufukweni

Paje, Jambiani, Nungwi, Kendwa, mbwa hawa unawaona wamelala mchangani karibu na viti vya wageni. Wananona, wanaogelea, wanafuata watu matembezini maji yakitoka. Kwa sura na upole wanashinda wote. Mtalii akiondoka anakuombea umchukue "mbwa wake", na wewe mwenye nyumba ndogo ya wageni unaona umepata bure.

Msimu ndio unaowadanganya watu. Wageni wakiwapo, mbwa wa ufukweni anakula kwenye sahani tano na hana sababu ya kugombana na mtu. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinafunga, chakula kinakatika, na mbwa huyo huyo anaanza kuingia majikoni mwa kijiji na kupigania makombo jaani. Ukitaka kumchagua mbwa wa ufukweni, mchague masika. Aliyebaki mtulivu na njaa yake hiyo, huyo ana moyo mzuri wa kuzaliwa nao.

Tena baadhi yao wamepindukia: mgeni ndiye anayemlisha, mwenyeji ndiye anayemrushia jiwe, basi anampungia mkia anayepita na bikini na kumbwekea mwanamke wa kijijini anayekwenda kwenye shamba lake la mwani. Mbwa wa namna hii ukimuweka mlango wa mbele wa biashara yako, utakosana na kijiji kizima kwa sababu ya mnyama uliyepewa bure. Mpime kwa kina mama wa mwani wakipita na magunia, usimpime kwa wageni.

Kwa mwenye nyumba ya wageni mwenye ua wa wazi unaoelekea baharini, mbwa huyu akipimwa vizuri ndiye bora kuliko wote niliowataja. Anajua umati, haumi wateja, anabweka usiku mtu akija kutoka upande wa pwani. Kwa mwenye duka Mwanakwerekwe hana maana kabisa. Mfungie uani wiki moja na utaona alivyo mnyonge.

Wa kizungu na chotara wake

Jamani shepadi ndiye anayetajwa zaidi, kwa kuwa watu wamemuona kwa askari na wanamwita tu mbwa wa polisi. Baada yake rotwaila, na wenye pesa wanataja boaboli, mbwa mkubwa wa Afrika Kusini. Mwizi anawaogopa kwa sura, na hilo lina thamani yake, silikatai.

Lakini mpandishe mizani na koko. Jamani shepadi dume ni kilo 30 hadi 40, rotwaila anafika 50 na zaidi, na boaboli anavuka 60. Koko wa kilo 15 anashiba na kiasi cha nusu ya chakula cha jamani shepadi, na boaboli ni kama kuwa na mtu mwengine mezani. Jamani shepadi ana manyoya ya tabaka mbili yaliyoumbwa kwa nchi ya baridi. Januari saa nane mchana hana raha hata kivulini, na matembezi yake yawe alfajiri au baada ya Isha. Nyonga zake zina ugonjwa unaorithiwa, kwa hiyo omba kuwaona wazazi kabla hujalipa, na wakiwa hawapo, ondoka. Wenye pua fupi, kama bulidogi na wenzake, nawaomba watu wawaache kabisa huko huko. Joto letu linawaua.

Kisha liko suala la kazi. Mbwa hawa wana akili na nguvu nyingi, na akili isiyofanyishwa kazi inageuka balaa. Nimeona zaidi ya mmoja, Fuoni na Chukwani, amefungwa mnyororo mfupi mchana na usiku kwa sababu mwenyewe anamuogopa mbwa wake. Mbwa wa namna hiyo hamlindi mtu. Anabwekea kila kitu, upepo, jani, paka, mpaka mwenye nyumba anaacha kusikiliza, na siku mwizi akija kubweka kwake hakuna tofauti na kubweka kwa jana.

Nani basi amchukue? Mwenye kiwanja kikubwa chenye ukuta mrefu, mlinzi wa kulipwa anayejua mbwa, na mtu mmoja wa nyumbani atakayempa mazoezi kila siku ya Mungu. Wa namna hiyo wapo Mbweni, wapo kwenye mahoteli. Wengine, kama sura ndiyo inayowavuta, watafute chotara wa jamani shepadi na koko: mdogo kiasi, manyoya mepesi, masikio yamesimama vile vile. Mwizi hatauliza nasaba gizani. Ila akiletwa kwa boti aje na cheti cha chanjo na kibali cha mifugo, na nitaeleza kwa nini.

Wa wasasi, kwa ufupi

Kusini na mashariki ya Unguja kuna vikundi vya wasasi wanaowinda nguruwe na tumbili waharibifu kwa mbwa, na mara nyengine utapewa kitoto au mbwa mzima aliyestaafu usasi. Shamba la mihogo linaloliwa na nguruwe, huyo ni lulu. Nyumba yenye mbuzi na kuku, muogope. Na karibu na Jozani, ambako hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iko tangu mwaka 2004, asiachiwe hata kidogo. Paa nunga na kima punju wa Unguja ni wachache na hawana pa kukimbilia.

Shamba la karafuu Pemba ni habari nyengine

Mwenye karafuu Pemba ana tatizo ambalo mtu wa mjini hana. Msimu ukifika, zinaanikwa majamvini siku kadhaa, na ndizo pesa za mwaka mzima ziko uwanjani. Anataka mbwa. Lakini msimu huo huo ndio wachumaji wanaingia na kutoka, sura mpya kila wiki, wengine wamelala hapo hapo. Mbwa mkali atamuuma mchumaji, na mchumaji aliyeumwa atawapa habari wenzake mpaka Micheweni. Hapo unatakiwa mbwa wa sauti, asiye wa meno: koko mkubwa aliyelelewa shambani, anayebweka mara moja, akatizama, akabweka tena. Wawili wanafaa kuliko mmoja, jike na jike au jike na dume waliofungwa kizazi, kwa sababu mmoja akilala mwengine anasikia. Madume mawili yasiyohasiwa usiyaweke pamoja, utatibu majeraha badala ya kuchuma karafuu.

Na hii ya jike na dume inawahusu wote. Watu wanakataa jike wakidhani halindi. Linalinda. Sababu ya kweli ya kulikataa ni mimba: linaingia joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba ni siku 63 hivi, na uzao mmoja unaweza kuwa vitoto vinne, sita, vinane, ambavyo ndivyo vinavyotupwa jaani na kuwa koko wa kesho. Likifungwa kizazi, sababu imekwisha, na unabaki na mbwa anayekaa nyumbani. Dume asiyehasiwa akinusa jike shehia ya pili, haulindi mlango wako usiku huo.

Kichaa cha mbwa kinapokuwa sehemu ya uchaguzi

Baina ya mbwa wawili wanaolingana, mchukue aliyechanjwa. Pemba inajua kwa nini. Kampeni za kuchanja zilikimaliza kichaa cha mbwa kisiwani mwaka 2014, watu wakapumua, halafu mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa. Ilibidi kuchanja upya shehia kwa shehia mpaka kikazimwa tena mwaka 2018. Kisiwa kinaweza kujisafisha, na mbwa mmoja kwenye chombo anaweza kukichafua. Ndiyo maana mbwa wa Dar asiye na cheti simpokei hata awe mzuri vipi, na hata baina ya Unguja na Pemba usimhamishe mbwa kabla ya chanjo.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Chanjo ya kwanza hurudiwa baada ya mwaka. Akikuuma mbwa yeyote katika kuchagua kwako, hata mkwaruzo wa jino, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usitie manjano wala mafuta ya taa. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa.

Siku ya kumleta

Umeshachagua. Mlete asubuhi, si usiku, apate kuuona ua mchana. Bodaboda haifai kwa mbwa mkubwa asiyekujua. Tafuta keri, ile gari ndogo ya mizigo, mfunge kamba mbili fupi, na mwenyewe wa zamani afuatane nawe kama anaweza. Mpitishe nje ya ukuta mzima kwanza, kisha muonyeshe banda na maji. Siku kumi hivi za mwanzo asiachiwe hata kama analia, vyenginevyo atarudi alikotoka kwa miguu, na koko huijua njia.

Chakula kiwe kile kile alichozoea. Makombo ya mchuzi mzito na biriani usimpe, maana biriani ni vitunguu vitupu, na kitunguu huharibu damu ya mbwa, kibichi au kilichopikwa. Samaki achemshwe, miba mikubwa itolewe, achanganywe na sima au wali. Kabla ya hayo yote, pita kwa majirani wawili wa karibu na kwa imamu kama msikiti uko jirani, uwaambie mbwa anakuja lini, atafungwa wapi na ataingizwa bandani saa ngapi kabla ya Alfajiri. Saa hiyo ukishaitaja, itimize.